Hela ya kijani iliyotoka shambani kwa bibi, Tabora

Mashine ililia karibu na mwembe, ikanyamaza, kisha ikalia tena. Mwanamume aliyeishika aliirudisha nyuma, akaipitisha polepole juu ya majani makavu, akaonyesha mahali kwa ncha ya kiatu. "Chimba hapa."

Mjomba akashusha jembe. Shimo halikuzidi urefu wa kiganja. Mtoto wa darasa la nne aliyekuwa amechuchumaa pembeni ndiye aliyeiona kwanza. Kilikuwa kitu cha duara, chembamba, chenye rangi ya kijani na unga kama wa chaki, kimeshikana na udongo upande mmoja.

"Mali ya Mjerumani," mjomba alisema kwa sauti ya chini, ingawa pale shambani hapakuwa na mtu wa kumsikia zaidi ya mwenye mashine, mama yake, dada yake na watoto wawili wa dada huyo.

Ilikuwa siku ya pili ya likizo ya Juni. Kufikia jioni, kile kipande cha kijani kilikuwa kimesababisha ugomvi kati ya ndugu, nusura kiingie tumboni kwa mtoto wa miaka miwili na nusu, na nusura kitumbukizwe kwenye maji ya betri. Kufikia kesho yake, kilikuwa kimeokoa fedha za mama mjamzito.

Mji wa reli na miembe

Familia hiyo ilikuwa imetoka Dodoma kwa treni ya reli ya kati. Ni safari ambayo watoto hawaisahau. Usiku kucha mabehewa yanagonga, na kwenye stesheni kama Saranda wauzaji wa kuku na mayai wanasogea hadi madirishani. Asubuhi msitu wa miombo unaanza kufungua njia, na mizinga ya nyuki inaonekana ikining'inia juu ya miti.

Anayefika Tabora kwa njia hii anakutana na historia kabla hajaondoka stesheni. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika hapa mwaka 1912, wakati wa utawala wa Wajerumani, na miaka miwili baadaye ikafika Kigoma. Lakini mji ni wa zamani kuliko reli. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda Ziwa Tanganyika ilipumzika hapa, na wapagazi wa Kinyamwezi walijulikana njia nzima kwa nguvu na uzoefu wao. Nje kidogo ya mji, Kwihara, bado lipo tembe ambalo David Livingstone na Henry Stanley walikaa kabla ya kuachana mwaka 1872.

Mjini kuna vivuli vya miembe mikubwa, asali ya madebe na mafungu ya matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Nyumbani kwa bibi ni mashariki ya mji, upande wa Lulanguru, mahali ambapo mlio wa treni unasikika kabla ya jogoo kuwika.

"Shikamoo bibi," watoto walisema walipofika.

"Marahaba wajukuu zangu. Asubuhi huku tunasema 'mwangaluka'," bibi aliwajibu, na kwa siku nzima mdogo wao akawa anawasalimia hata kuku kwa neno hilo.

Katika maeneo haya, kama katika sehemu nyingi za Tanzania, kuna hadithi isiyozeeka. Inasemekana Wajerumani walipokimbia mwaka 1916 walifukia masanduku ya dhahabu na fedha, wakaacha alama kwenye mawe na miti. Kila kizazi kina watu waliochimba. Siku hizi wanachimba kwa kusaidiwa na mashine za kutambua madini.

Mjomba alikuwa ameingia katika kikundi cha wanaume wanane. Kila mmoja alitakiwa kuchangia Sh300,000 za kukodi mashine na "mtaalamu" wake. Alikuwa ametoa nusu. Nusu iliyobaki ilikuwa ndani, kwenye bahasha ambayo mkewe, mwenye ujauzito wa miezi minane, alikuwa ameiandika kwa kalamu: "Nauli ya hospitali."

Sasa sarafu ilikuwa imetoka. Mwenye mashine hakupoteza muda. Alisema hiyo ni dalili tu, kwamba sanduku lenyewe liko mita kumi chini, na kwamba inahitajika mashine nyingine "ya masafa marefu". Fedha zikamilike kabla ya Jumamosi.

Mdomoni, kisha kwenye maji ya betri

Watu wazima walipokuwa wakibishana, sarafu iliwekwa juu ya kinu. Mdogo wa miaka miwili na nusu aliichukua. Mama yake aligeuka wakati kipande kile kikiwa tayari kimegusa meno.

Alikiondoa kwa kidole, akamwosha mtoto mdomo na mikono kwa maji mengi. Hakuna kilichomezwa, lakini moyo ulimdunda hadi usiku.

Ana sababu. Watoto walio chini ya miaka mitano huupima ulimwengu kwa mdomo, na sarafu ni miongoni mwa vitu wanavyomeza mara nyingi zaidi. Nyingi hupita na kutoka zenyewe na choo. Nyingine hunasa kwenye umio, na hapo mtoto hutokwa na udenda, hukataa chakula, hutapika, hulalamika koo au kifua, au hupumua kwa shida.

Mzazi asimlazimishe mtoto kutapika. Asimpe tonge la ugali wala ndizi "ili kuisukuma". Ampeleke kituo cha afya chenye eksirei hata kama mtoto anaonekana mzima, kwa kuwa sarafu iliyonasa inaweza kukaa kimya kwa muda. Mtoto aliyezidi mwaka mmoja akikabwa na kushindwa kukohoa au kulia, ainamishwe mbele na kupigwa kwa kiganja mara tano katikati ya mabega, huku msaada ukiitwa.

Kipo pia kitu kinachofanana na sarafu ambacho ni hatari zaidi, nacho ni betri ndogo za duara za saa, rimoti na midoli. Ikinasa kooni, betri hiyo huweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili. Hapo hakuna kusubiri kesho.

Hofu ya kwanza ilipopita, ya pili ikaanza. Mjomba alitaka kujua kama kilicho chini ya ile kijani ni dhahabu. Alileta chupa ya maji ya betri ya pikipiki na bakuli la plastiki.

Bibi alisimama mlangoni. "Hapa kuna watoto," alisema. "Na hicho kitu hujakisoma. Unakichoma nini kabla hujakisoma?"

Maji ya betri ni asidi ya salfa. Tone moja likiruka jichoni linaweza kuharibu uwezo wa kuona, na likimwagika kwenye ngozi ya mtoto linaunguza. Likimpata mtu, mahali hapo paoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, kisha aende hospitali.

Kwa sarafu yenyewe hasara ni nyingine. Ile rangi ya kijani si uchafu uliotoka nje ukaja kukaa juu yake. Ni shaba ya sarafu ile ile iliyobadilika kwa unyevu, hewa na chumvi za udongo. Asidi ikiila, inakula na herufi zilizobaki ndani yake. Mtu hubaki na kipande kinachong'aa ambacho hakisemi kitu.

Bibi aliifunga sarafu kwenye kipande cha khanga, akasema asubuhi iende kwa mzee wa reli.

Kopo la mstaafu wa reli

Mzee huyo ni jirani, fundi aliyestaafu reli miaka mingi iliyopita. Ndani ya kopo la maziwa ya unga ameweka sarafu alizookota maisha yake yote kando ya njia, kila moja kwenye karatasi yake. Alipokea salamu, akaketi juani, akawaambia watoto waoshe mikono kwanza na wataosha tena wakimaliza.

Kabla ya kuigusa sarafu ya bibi, alitandaza zake juu ya kitambaa.

"Msiangalie ipi inang'aa," aliwaambia. "Angalieni kila moja imezeekaje."

Ya kwanza ilikuwa nyeusi kama masizi, nzito kiasi. Hiyo, alieleza, ni fedha halisi. Fedha haioti kijani kibichi kwa kawaida. Huwa nyeusi kwa sababu ya salfa iliyo hewani na udongoni. Mtoto aliigeuza akaona uso wa mwanamume mwenye kofia ya chuma iliyokaliwa na tai. Ni Kaisari Wilhelm wa Pili, na sarafu ni rupia ya Afrika Mashariki ya Kijerumani.

Ya pili ilikuwa ya kijivu, imefifia, ina tundu katikati. Ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, na huo huzeeka kwa kupauka. Ilikuwa hela 10 za Mjerumani, aina iliyotolewa kati ya mwaka 1908 na 1914.

Ya tatu nayo ilikuwa na tundu, lakini ya kahawia iliyokoza. Kulizunguka tundu kulikuwa na pembe za ndovu zilizopinda. Hiyo ni senti 10 ya Mwingereza. Wengi wakiona tundu wanasema "ya Mjerumani", mzee alisema, lakini tundu peke yake si ushahidi. Kinachotakiwa ni kutazama metali, picha na maandishi.

Ya nne watoto waliicheka, maana ilikuwa na sungura. Ni thumni, senti 50 ya Tanzania iliyoanza kutolewa mwaka 1966. Mama yao aliwahi kuona za namna hiyo kwenye kopo la vifungo akiwa mdogo.

"Na dhahabu?" mjomba aliuliza.

"Dhahabu halisi haishiki kutu," mzee alijibu. "Ukiitoa udongoni baada ya miaka 100 ukaisuuza, inakutazama na rangi yake. Hii yenu imeota kijani. Mwili wake ni shaba, ama nyekundu ama ile ya njano. Hilo tumelijua bila asidi."

Mjomba hakusema neno.

Herufi moja ndogo

Mzee aliiweka sarafu kwenye kikombe cha maji safi, udongo ukalainika taratibu. Hakuisugua. Aliitoa, akaikausha kwa kuibonyeza na pamba, akaiweka kando ya rula. Upana wake ulikaribia sentimita tatu.

Kisha akamwomba mama mtu simu mbili. Moja aliiwasha taa, akailaza pembeni kabisa ya sarafu ili mwanga upite chini chini juu yake. Nyingine akampa kijana wa darasa la nne apige picha.

Mwanga unaotoka juu hufuta kila kitu, lakini unaotoka ubavuni huacha kivuli kidogo kando ya kila herufi iliyoinuka. Kwenye kioo cha simu, kipande kile cha kijani kikaanza kuwa na sura. Juu palikuwa na taji. Chini ya taji mtoto alisoma herufi tatu moja moja: D, O, A. Chini yake 1916. Na chini kabisa, herufi moja ndogo.

"T," alisema mtoto.

Mzee alimwuliza yuko mji gani.

"Tabora," alijibu, kisha akafungua mdomo.

D.O.A. ni kifupi cha jina la Kijerumani la koloni la Afrika Mashariki. Upande wa pili wa sarafu palikuwa na 20, na neno "Heller". Sarafu za kawaida za koloni hilo zilitengenezwa Ujerumani na kubeba alama ya herufi A ya Berlin au J ya Hamburg. Yenye T ilitengenezwa hapa hapa, katika karakana ya reli, upande huo huo wa Lulanguru anakolima bibi.

Sababu yake ni vita. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, meli za Uingereza zilifunga bahari, na sarafu mpya kutoka Ulaya hazikuweza kufika. Serikali ya Wajerumani, iliyokuwa imehamia bara, ilihitaji kulipa askari na kununua chakula. Ilichapisha noti za dharura kwenye karatasi yoyote iliyopatikana, na nyingine za mwishoni ziligongwa kwa herufi za mpira. Mafundi wa reli nao walichukua shaba iliyokuwepo, pamoja na maganda ya risasi na mizinga, wakatengeneza sarafu za hela 5 na hela 20. Zile za hela 20 zilizidi milioni moja.

Walitengeneza pia sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye tembo mbele ya mlima. Dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke, Iramba, nazo zilikuwa takriban 16,000 tu. Leo zinatafutwa na wakusanyaji duniani, na kwa sababu hiyo za bandia nazo ni nyingi. Septemba 19, 1916, majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Tabora, na kazi hiyo ikawa imekwisha.

Mzee alimgeukia mjomba, bila kumkaripia.

"Mwanangu, hebu fikiri. Mtu mwenye masanduku ya dhahabu chini ya mwembe, atakata maganda ya risasi kutengeneza chenji? Hii sarafu haikuambii kwamba Mjerumani alificha mali. Inakuambia kwamba alikuwa ameishiwa."

Mashine inasikia nini

Mzee hakuidharau mashine. Alieleza kwamba ni kifaa cha kweli. Ile sahani ya chini ina waya unaotoa mawimbi ya sumaku. Yakikutana na metali, yanarudi yamebadilika na mashine inalia. Lakini kwa kitu chenye ukubwa wa sarafu, mashine ya kawaida husikia kina cha sentimita 20 hadi 30 hivi. Sarafu ya bibi ilikuwa ndani ya kiwango hicho.

"Sanduku la mita kumi chini" ni maneno ya mtu, si ya mashine. Na mashine haijui tofauti ya utajiri na takataka kwa namna ambayo mwenye shida angependa ijue. Mjomba mwenyewe alikiri kwamba kwa wiki mbili kikundi kilikuwa kimechimba vizibo vya soda, kipande cha kopo, pete ya bomba na misumari ya reli inayojaza ndoo.

Yapo na mengine ambayo wachimbaji wa hadithi hii hawaambiwi wanapotoa mchango. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba kutafuta vitu vya kale bila leseni. Mashimo yasiyo na nguzo huporomoka na kufukia watu. Mahali palipopiganiwa vita panaweza kuwa na mzinga ambao haukulipuka, na kutu haiuzimi. Anayekutana na kitu cha namna hiyo asikiguse wala kukigonga. Awaondoe watoto na aarifu polisi.

Kisha kuna zebaki. Katika mazungumzo ya mali ya Mjerumani hutajwa "zebaki nyekundu" yenye bei kubwa. Bidhaa hiyo ya maajabu haipo. Zebaki iliyopo ni ile ya rangi ya fedha inayotumiwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu, na mvuke wake unadhuru ubongo na figo. Wanaoumia zaidi ni watoto na mimba changa zilizo tumboni, hivyo haina nafasi ndani ya nyumba yenye mjamzito.

Ukiokota ya kwako

Si kila mzazi atakwenda Tabora, lakini sarafu za zamani zipo kwenye mashamba, kwenye makopo ya bibi na kwenye misingi ya nyumba za pwani na bara. Mtoto akikuletea moja, mzee wa reli ana utaratibu ambao hauhitaji fedha.

Kwanza, kumbuka ilipotoka na ilikuwa kina gani. Mahali ni nusu ya utambulisho wake.

Pili, usiisugue. Si kwa dawa ya meno, si kwa majivu, ndimu, waya wa chuma wala asidi. Ilowekwe kwenye maji safi, ikauke vizuri, ifungwe kwenye karatasi na kuwekwa mahali pakavu. Ukiona unga wa kijani cheupe unaozidi kuenea siku hadi siku, unyevu bado unaila.

Tatu, soma rangi. Kijani au kahawia ni jamii ya shaba. Nyeusi na nzito huenda ni fedha. Kijivu kilichopauka huenda ni nikeli. Kutu nyekundu inayobanduka ni chuma, na sumaku itaishika; fedha, shaba na dhahabu hazishikwi na sumaku.

Nne, tafuta picha, mwaka na herufi ndogo kwa mwanga wa ubavuni. Piga picha pande zote mbili pamoja na rula. Picha hizo zinatosha kuonyesha makumbusho au kwa mwalimu wa historia kabla ya kumkabidhi mtu sarafu yenyewe. Ukidhani ni dhahabu, sonara anaweza kuipima mbele ya macho yako bila kuikata.

Tano, mikono ioshwe, na sarafu ikae mbali na mdogo wa nyumba.

Neno lililobaki

Jioni ya siku ile, kijana wa darasa la nne alirudi na swali. Kama hiyo ni hela, na mama husema "sina hela", ni neno moja?

Ni moja. Mwaka 1904 Wajerumani waliachana na mfumo wa pesa 64 kwa rupia, wakaleta heller 100 kwa rupia. Watu wa Tanganyika walilitamka jina hilo kwa ulimi wao. Waingereza walipoleta shilingi mwanzoni mwa miaka ya 1920, sarafu zenyewe hazikununua tena kitu, lakini jina halikuondoka.

Bibi alisikiliza, kisha akasema kwamba babu yake alibeba mizigo ya vita ile. Aliondoka na wenzake kutoka kijiji hicho na wengi hawakurudi. Wapagazi waliokufa katika vita hiyo Afrika Mashariki ni makumi ya maelfu, zaidi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Babu yake alirudi na malipo yake, na baada ya muda mfupi akaambiwa hayafai dukani.

"Alikuwa akituambia, nilibeba mzigo nikalipwa vyuma," bibi alisema. "Sikuwahi kuviona. Pengine hiki ni kimoja wapo, pengine si chake. Lakini sasa najua alikuwa anasema nini."

Thamani ya sarafu ile sokoni si kubwa, kwa sababu zilitengenezwa nyingi. Hakuna aliyezungumzia tena kuiuza.

Ijumaa mwenye mashine alipiga simu mara nne. Mara ya tano mjomba alipokea, akasema hana mchango wa kuongeza. Zile Sh150,000 za mwanzo hazikurudi. Aliingia ndani, akaitoa bahasha alikokuwa ameificha, akampa mkewe mbele ya mama yake. Hakueleza kitu na hakuna aliyemwuliza. Mkewe alihesabu, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la khanga.

Jumapili familia ilipanda treni kurudi Dodoma. Sarafu ilibaki kwenye sanduku la bibi, ndani ya karatasi, bado ya kijani. Behewani, mdogo alilala na tobolwa mkononi. Kaka yake alifungua daftari la sayansi, akachora duara kwa kuzungushia kizibo cha chupa ya maji, akaweka taji, herufi tatu na mwaka.

Treni ilipopita Lulanguru alisogea dirishani. Akaangalia mpaka miembe ikaisha, kisha akarudi kwenye mchoro wake na kuandika, chini kabisa, T ndogo.